Mzazi na Mlezi: Mama Mkatili katika Hadithi na Maana ya Umama

Methali ya Kiswahili yasema kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hutajwa mara nyingi mtoto anapoharibika, ili alaumiwe mzazi aliyelegea. Lakini maneno yake yana uzito kuliko matumizi hayo. Yanatenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya: tendo la kumleta mtoto duniani, ambalo lina siku yake ya kutimia, na kazi ya kumfanya mtoto huyo awe mtu, ambayo haina siku ya kutimia. Mwenye tendo la kwanza ni mzazi. Mwenye kazi ya pili ni mlezi. Kwa kawaida wawili hao ni mtu mmoja, na ndiyo sababu tofauti yao husahauliwa. Hukumbukwa wanapofarakana ndani ya mtu huyo mmoja, yaani mwanamke aliyezaa anapokuwa yeye mwenyewe mtesi wa mwanawe.

Mwanamke wa namna hiyo ameandikwa na waandishi wengi wa karne ya ishirini. Makala haya yanamtazama katika riwaya tatu: Vipère au poing (1948) ya Mfaransa Hervé Bazin, The Bluest Eye (1970) ya Mmarekani Toni Morrison, na Breath, Eyes, Memory (1994) ya Edwidge Danticat, mzaliwa wa Haiti aliyehamia Marekani akiwa mtoto. Hoja inayotetewa ni kwamba mama mkatili hueleweka vizuri zaidi katika hadithi pale mwandishi anapouonyesha ukatili wake ndani ya kazi zile zile za ulezi, mezani, jikoni na kitandani, kuliko pale anapomfanya kioja kisicho na mfano. Tena hoja hii yawahusu hasa wenye Kiswahili, kwa kuwa lugha yao ina maneno ya kuipima.

Yafaa kuanza na maneno hayo. Katika Kiswahili mama si jina la mtu mmoja. Ndugu wa kike wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo, kwa kadiri ya umri wake. Mke mwingine wa baba ni mama wa kambo. Anayemwangalia mtoto kwa ujira ni yaya. Na anayemfunda mwari ni kungwi au somo. Kazi ya kulea imegawanywa mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja amepewa jina lake. Tena mwanamke akishazaa, desturi humpa jina jipya litokalo kwa mtoto: huitwa Mama Asha au Mama Juma, hata wapo majirani wasiolijua jina alilopewa na wazazi wake. Kwa desturi hiyo yaweza kusemwa kuwa mtoto naye humzaa mama, kwa maana kabla ya mtoto hapakuwa na mama, bali palikuwa na mwanamke tu.

Upande wa adhabu nao una maneno yenye mafunzo. Mzazi anayemkanya mtoto kwa maneno au kwa fimbo husemwa kuwa anamrudi. Neno hilo lina maana ya njia: mtoto ametoka njiani, naye hurudishwa. Mwisho wa kumrudi ni kurudi kwake, na akisharudi adhabu imekwisha. Kutesa ni neno jingine kabisa. Halina mwisho ndani yake wala halitaji njia. Mtesi aweza kuendelea hata mtoto awe mwema kama malaika. Kati ya maneno haya mawili yamesimama adabu na adhabu, ambayo katika Kiarabu yana mizizi mbalimbali, moja ikihusu mwenendo mwema na nyingine maumivu, lakini katika Kiswahili sauti moja tu huyatenga. Si ajabu basi kwamba katika nyumba nyingi la pili limeingia kwa mlango wa la kwanza, na mtesaji akajiita mtia adabu. Riwaya zinazotajwa hapa zaweza kusomwa kama uchunguzi wa mpaka huo.

Ngano za kale zilijua habari ya mama mkatili, lakini zilimsogeza kando. Ushahidi ulio wazi ni ule wa ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm. Walipochapa mkusanyo wao wa ngano mwaka 1812, malkia aliyetaka kumwua binti mwenye weupe wa theluji alikuwa mama yake mzazi. Katika chapa ya mwaka 1819 malkia huyo amekuwa mama wa kambo, na mama mzazi amefishwa mwanzoni mwa ngano. Hali ilikuwa hiyo hiyo katika ngano ya Hänsel na Gretel, watoto waliopelekwa msituni wakati wa njaa: mwanamke aliyetoa shauri la kuwatupa alikuwa mama yao katika chapa ya kwanza, na chapa ya mwaka 1840 ikamfanya mama wa kambo. Matendo hayakubadilika, kilichobadilika ni jina la mtendaji. Vitabu hivi vilikuwa vimeingia katika vyumba vya watoto, na ilionekana afadhali damu ya uzazi isitiwe doa.

Msomaji wa ngano za pwani hatashangazwa na habari hii. Mama wa kambo anayempa mtoto wa mwenziwe ukoko wa chungu, akamtuma kisimani usiku na kumlaza jikoni, amezoeleka mno hata hahitaji kuelezwa tabia. Jina lake latosha. Mazoea hayo yameleta hasara mbili. Ya kwanza ni dhuluma kwa wanawake wengi waliolea watoto wasio wao kwa wema, kisha wakarithi jina baya la ngano. Ya pili ni kubwa zaidi ingawa haisemwi: mtoto anayeteswa na aliyemzaa hana hadithi ya kujisemea. Akitafuta mfano wake hukuta mama wa kambo, naye hana mama wa kambo. Hubaki akidhani kuwa jambo lililompata halijapata kutokea duniani, au kwamba kosa ni lake yeye.

Hasara hiyo ya pili ndiyo iliyomfanya Hervé Bazin asikike alipotoa Vipère au poing. Jina la kitabu lina maana ya nyoka mwenye sumu aliyebanwa katika ngumi, nacho chaanza na mtoto mdogo aliyemkuta nyoka amelala akamnyonga kwa mkono wake. Mtoto huyo ni Jean Rezeau, ambaye nduguze humwita Brasse-Bouillon. Yeye na nduguye mkubwa walilelewa na bibi yao mzaa baba katika nyumba kubwa ya ukoo huko Anjou, magharibi ya Ufaransa, hali wazazi wao wakiwa China. Bibi alipofariki wazazi walirejea, pamoja na mtoto wa tatu, na watoto wakamwona kwa mara ya kwanza mwanamke ambaye iliwapasa kumwita mama. Mapokezi yao yalikuwa makofi. Baada ya siku chache majiko ya kutia joto yaliondolewa vyumbani mwao, vichwa vyao vilinyolewa, na viatu vyao vikawa vya mbao. Mezani, mkono uliokaa vibaya ulichomwa kwa meno ya uma.

Uma huo wastahili kutazamwa. Ni chombo cha kulia, na meza ni mahali ambapo mlezi huonekana kuwa mlezi, kwa kuwa ndipo mtoto anapopokea chakula kutoka kwake. Bazin hakumpa Bibi Rezeau kiboko wala chumba cha giza. Alimpa uma, na kwa hiyo kila mlo ukawa vita. Watoto nao walijibu kwa silaha ya mezani: walimkazia macho bila ya kupepesa, kila mtu akingoja nani atainamisha uso kwanza. Walimtungia jina la siri, Folcoche, lililounganishwa kutokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya kichaa na nguruwe jike. Jina hilo lilitoka kitabuni likaingia katika usemi wa Wafaransa, hata leo mama mkatili huitwa Folcoche na watu wasiopata kukisoma kitabu. Jambo hili lapasa kuwapendeza wanaochunguza lugha: pengo lilikuwapo, na riwaya moja ililijaza.

Hata hivyo kitabu hiki kina upungufu, nao hutokana na nguvu yake. Msimulizi ni mwana mwenyewe, naye husimulia kama askari aliyerudi vitani na medali. Anafurahia uhodari wa adui yake, kwa kuwa uhodari huo ndio kipimo cha wake yeye. Watoto wanajaribu kumtilia mama sumu, kisha kumzamisha mtoni, na hadithi haisiti. Mwendo wake ni wa mchezo wa kuviziana. Mwandishi anataja kuwa Bibi Rezeau naye alikulia katika nyumba isiyo na upendo na kwamba aliolewa kwa ajili ya mali yake, lakini anayapita maneno hayo upesi kama mtu anayeogopa kuhurumia. Kwa sababu hiyo msomaji humjua Folcoche kwa matendo asimjue kwa moyo. Aliyechorwa kwa ukamilifu zaidi ni baba, mwanasheria apendaye kukusanya nzi na kuwachunguza, ambaye huona yote na kunyamaza ili apate utulivu. Hapa Bazin amesema kweli ambayo wengi huiacha: ukatili wa mama ndani ya nyumba huhitaji ruhusa ya mtu mwingine, na ruhusa hiyo mara nyingi ni kimya.

Mwisho wa kitabu wautia ushindi wote mashakani. Jean amemshinda mama yake na kupata ruhusa ya kwenda kusoma mbali, lakini anakiri kwamba mkono wake bado umembana nyoka, na kwamba hataweza tena kumwamini mtu. Mama mkatili amefaulu kulea: amemlea mtoto akawa mfano wake mwenyewe. Laiti Bazin angelitilia mkazo jambo hili tangu katikati ya kitabu, ingalikuwa riwaya kubwa kuliko ilivyo.

Toni Morrison, katika The Bluest Eye, alifanya kazi iliyo ngumu zaidi. Mahali pa hadithi ni mji wa Lorain katika jimbo la Ohio, na wakati ni miaka ya 1940 na 1941. Pecola Breedlove, msichana mweusi wa miaka kumi na mmoja, anatamani macho ya buluu ili apendwe. Mama yake, Pauline, ni mtumishi katika nyumba ya Wazungu wenye mali. Riwaya haimwanzi Pauline kwa ukatili wake. Yarudi nyuma hadi utoto wake Alabama, mguu wake uliochomwa na msumari akiwa na miaka miwili ukabaki na kilema, upweke wake baada ya kuhamia kaskazini na mumewe, sinema alizozitazama na kujifunza kutoka kwazo uzuri ni nini, na siku ya kujifungua, ambapo daktari alipita mbele ya kitanda chake na kuwaambia wanafunzi wake kwamba wanawake wa namna hii huzaa kama farasi, bila ya maumivu. Mwanamke aliyehesabiwa kuwa mnyama saa ile ile ya kuwa mama alimtazama mtoto wake kwa kipimo alichojifunza sinema, akamwona mbaya wa sura.

Ndipo huja tukio la jikoni, ambalo ni kiini cha mambo yote yanayosemwa hapa. Pecola amemfuata mama yake kazini. Akigusa pai ya matunda iliyotoka motoni, yaanguka, na maji yake ya moto yanamwunguza miguu. Mama anakuja mbio. Anampiga mtoto aliyeungua, anamwangusha, anamwinua na kumpiga tena, huku akiililia sakafu na kuiita yake. Mtoto wa Kizungu wa nyumba ile analia kwa hofu; Pauline anamkumbatia, anambembeleza, na kumwahidi pai nyingine. Mtoto yule anapouliza wasichana wale ni akina nani, Pauline anamtuliza bila ya kujibu. Hamtaji binti yake kuwa ni binti yake.

Tukio hili halina ubaya wa ajabu kwa kipimo cha Folcoche. Hapana uma wala hila. Lakini latisha zaidi, kwa sababu upendo upo. Mikono ya Pauline yajua kubembeleza, sauti yake yajua kulainika, naye hodari wa kupika na kusafisha. Uwezo wote wa ulezi anao, na wote umetolewa kwa mtoto wa tajiri. Msomaji wa Afrika Mashariki analo neno la hali hii: Pauline amekuwa yaya, na uyaya umekula umama. Ubaya hauko katika kazi ya yaya, ambayo ni kazi ya heshima. Uko katika dunia inayomlipa mwanamke kwa kumpenda mtoto mmoja na kumdharau kwa kumzaa mwingine, hata naye akaja kuamini kuwa thamani ya watoto hao ni kama mshahara ulivyosema.

Lugha ya tukio hilo yasema zaidi kuliko kofi. Mtoto wa Kizungu humwita Pauline kwa jina dogo la kudekeza, Polly. Pecola humwita mama yake mzazi Bibi Breedlove, kama mtu mgeni anayebisha hodi. Aliye mgeni ana jina la mapenzi, na aliyezaliwa ana jina la ofisini. Mfasiri atakayeitia riwaya hii katika Kiswahili atashawishika kuandika mama, kwa kuwa sikio la Mswahili halivumilii mtoto kumwita mzazi wake kwa jina la ukoo. Ashindane na kishawishi hicho. Uchungu wa kitabu uko pale pale ambapo sikio linaumia. Katika desturi inayomwita mwanamke Mama Fulani, mtoto humpa mama jina. Hapa mama amemnyang'anya mtoto hata neno la kumwitia.

Morrison hakuacha jambo hili bila ya kipimo. Ndani ya kitabu hicho hicho yumo mama wa Claudia, Bibi MacTeer, naye ni mkali. Claudia anapougua na kutapika kitandani, mama yake anagomba na kulalamika, na mtoto adhani kuwa anachukiwa. Lakini mikono hiyo hiyo yenye hasira yamchua kifua kwa dawa na kumfunga kitambaa cha joto, na usiku wa manane, kikohozi kinapozidi, nyayo zaingia chumbani na mkono wamfunika vizuri na kumgusa paji la uso. Claudia akikumbuka baadaye anajua kwamba palikuwa na mtu asiyetaka afe. Kwa kuwaweka wanawake hawa wawili katika mji mmoja, chini ya umaskini na dharau ile ile, mwandishi amezuia majibu mawili mepesi. Ukali wa maneno peke yake si utesi, maana Bibi MacTeer ni mkali. Wala dhiki peke yake haimlazimishi mama kumtesa mwanawe, maana Bibi MacTeer naye ana dhiki, ingawa dhiki yaweza kueleza mengi. Kinachowatenga ni mtoto anapoumia: mmoja anaelekea kwa mtoto, na mwingine anaelekea kwenye sakafu.

Wapo waliomsoma Morrison kana kwamba historia ya Pauline yamsafisha. Usomaji huo haukubaliani na mpangilio wa kitabu. Tukio la jikoni linatangulia, historia inafuata. Msomaji anapoanza kumhurumia Pauline, tayari amekwisha kumwona Pecola sakafuni, na huruma hiyo haiwezi kumwinua. Baadaye, baba anapombaka Pecola, naye akamwambia mama yake, mama hamwamini. Mwandishi ametoa sababu zote ambazo mwanadamu angetaka kuzijua, kisha ameiacha hasara ya mtoto mahali pake bila ya kupunguzwa hata kidogo. Kueleza si kusamehe, na riwaya iliyo bora yaweza kufanya la kwanza kwa ukamilifu bila ya kulifanya la pili.

Breath, Eyes, Memory ya Danticat yaleta swali la tatu, ambalo ni swali la mapokeo. Sophie amelelewa Haiti na mama yake mkubwa, Atie, kwa kuwa mama mzazi, Martine, yuko New York. Mwanzoni mwa kitabu Sophie ametengeneza kadi ya siku ya mama, naye amempa Atie. Atie anaikataa, asema kadi ni haki ya mama aliyezaa. Kwa tendo hilo dogo mlezi ameisalimisha heshima yake kwa mzazi, nayo riwaya yote ni hesabu ya gharama ya adabu hiyo. Sophie anapelekwa kwa Martine akiwa na miaka kumi na miwili. Martine alibakwa alipokuwa msichana, na Sophie ndiye mtoto aliyetokana na ubaya huo. Kila autazamapo uso wa binti yake humwona mtu aliyemharibu. Sophie anapokuwa msichana mkubwa na kupendana na mwanamume aliyemzidi sana umri, mama yake anaanza kumkagua mwili kuhakikisha ubikira wake, kama yeye mwenyewe alivyokaguliwa na mama yake. Sophie anajiumiza kwa makusudi ili ukaguzi ule ukome.

Martine si Folcoche wala si Pauline. Anampenda Sophie na kumtakia elimu na maisha mema. Anamtesa kwa jina la malezi, akifuata alichofundishwa kuwa ni wajibu wa mama. Sophie anapowauliza mama na bibi yake kwa nini walifanya hivyo, wote wawili humrudisha kwenye desturi, na bibi anaona haya na majuto. Hapa mpaka kati ya kumrudi mtoto na kumtesa umefutwa na mapokeo yenyewe, na mwenye kuteswa leo ndiye mtesi wa kesho. Sophie, ambaye mwishoni ana binti wa kumlea, ndiye anayekata mnyororo. Danticat ameonyesha kuwa kuukata kwahitaji kwanza kulitaja tendo kwa jina lake mbele ya mama mwenyewe.

Msomaji wa pwani ataona tofauti ya kufaa kufikiriwa. Katika mila ya Waswahili mafunzo ya mwili na ya ndoa hayakuwekwa mikononi mwa mama mzazi. Yaliwekwa kwa somo au kungwi. Hekima ya mgawanyo huo haikuwa ya kuona haya tu. Ilimzuia mama asiwe hakimu, mlinzi na mkaguzi wa binti yake kwa wakati mmoja, na ilimpa binti mtu mzima mwingine wa kukimbilia. Makungwi nao wamekuwa na makosa yao, na haifai kuwasifu kupita kiasi. Lakini mgawanyo wenyewe ni kinga, na Martine, aliyekuwa peke yake New York pasipo dada wala jirani, alikuwa mama asiye na kinga hiyo.

Yafaa pia kukumbuka jinsi mama wa Kiswahili alivyoandikwa akitoa urithi wake. Utenzi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siu, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, naye mtunzi akiwa mgonjwa. Wasomaji wa leo hugombana juu ya utii kwa mume ambao utenzi huo wafundisha, na wana haki ya kugombana. Lakini namna ya kufundisha kwake yapasa kuangaliwa pia. Mama anamwita binti aje karibu na vyombo vya kuandikia, kisha anampa maneno. Urithi uliotolewa kwa maneno waweza kusomwa, kupimwa na kukataliwa. Na kwa kuwa uliandikwa, vizazi vilivyofuata vimeweza kubishana na Mwana Kupona bila ya kumvunjia heshima. Urithi anaoutoa Martine kwa mkono hauna nafasi ya kubishaniwa. Huko ndiko kutofautiana kwa wasia na utesi, hata kama yote mawili yamebeba nia ya kumlinda binti.

Pingamizi moja yastahili kujibiwa. Husemwa kuwa kumwandika mama mzazi kuwa mkatili ni kuvunja heshima ambayo dini na mila zimemwekea, kwa maana mtoto hutafuta radhi ya mama, na pepo husemwa iko chini ya nyayo zake. Pingamizi hii si ya kudharauliwa. Lakini nyayo zinazobeba ahadi kubwa kiasi hicho zina wajibu wa kwenda mahali panapostahili. Radhi ni neno la watu wawili: huombwa na mmoja na kutolewa na mwingine, na mwenye kuitoa amekabidhiwa amana. Hadithi inayomwonyesha mwenye amana akiihini haiishushi amana hiyo. Yaonyesha ukubwa wake kwa ukubwa wa hasara. Kinachomshusha mama ni ngano inayodhani kuwa heshima yake yaweza kulindwa kwa kumsingizia mama wa kambo.

Katika riwaya ya Kiswahili mlango umefunguliwa nusu. Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971), alithubutu kuipeleka lawama ya malezi ndani ya nyumba, akaonyesha jinsi ukali wa baba, Zakaria, ulivyomharibia Rosa maisha badala ya kumlinda. Ni kitabu kilichotenganisha vizuri kurudi na kutesa. Lakini mama, Regina, amebaki katika nafasi ya mwenye kupigwa na kustahimili. Ubaya ni wa baba, na uvumilivu ni wa mama. Mgawanyo huo ni wa kweli katika nyumba nyingi, nao haupaswi kulaumiwa katika kitabu kimoja. Ukifanywa kanuni ya fasihi yote, hata hivyo, humnyima mama utu wake, kwa kuwa asiyeweza kukosa hawezi pia kuhesabiwa kuwa amechagua wema. Bibi MacTeer ana thamani kwa sababu katika mji ule ule yuko Pauline.

Mwandishi wa Kiswahili atakayelishika jambo hili hana haja ya kuiga uma wa Folcoche wala jiko la Ohio. Anavyo vyombo vya nyumbani kwake: kitana na mafuta ya nywele, kata ya maji ya kuogea, sinia la wali, kanga ya kumbebea mtoto mgongoni, na maneno ya kumrudi mtoto yanayosemwa kila jioni. Vyote ni vyombo vya ulezi, na kila kimoja chaweza kugeuka. Anayo pia majina ambayo lugha nyingine hazina, yanayomruhusu kumweka mama mdogo, yaya na jirani ndani ya hadithi kama watu wenye wajibu, ili kimya chao kionekane kama kimya cha Bwana Rezeau kinavyoonekana. Watunga kamusi nao wangetenda vyema kulieleza neno mama kwa kazi yake pamoja na nasaba yake, na kulipa neno mlezi nafasi pana kuliko ile ya mtu anayekaa mahali pa mzazi aliyekufa. Mzazi aliye hai naye hutakiwa awe mlezi, na jina hilo halipati siku aliyojifungua; hulipata kwa kazi ya kila siku, na aweza kulipoteza.